Waliposhuka Same Kukataa Mbiru

Ukipanda basi la Dar es Salaam kwenda Arusha, Same utaikumbuka kwa jua na upepo. Abiria wananyoosha miguu, wanakunywa soda, dereva anapiga honi, safari inaendelea. Ni wachache wanaoinua macho kuitazama milima iliyo nyuma ya mji. Na hata hao, wakisikia neno Mpare, wanacheka: si wale wanaouza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku?

Haya, tucheke. Lakini msomaji, hebu panda kidogo huko juu.

Upepo wa Bahari ya Hindi unamwaga mvua upande wa mashariki wa milima. Unapofika upande wa Same hauna kitu tena. Juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, ambako baridi haina mchezo. Bondeni mtu anaomba tone. Ndiyo maana wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa ya udongo ya kukusanyia maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanashuka mferejini, na kila shamba linangoja zamu yake. Watu wanaogawana maji namna hii hawana budi kujua kuhesabu, kuuliza na kubishana. Mimi naona kesi zao zilianzia hapo.

Kaskazini, Ugweno, ukoo wa Washana ulifua chuma, na Wachaga walikuwa wateja wao. Baadaye Wasuya wakawanyang'anya Washana utawala. Wajerumani wakaja na reli kutoka Tanga, ikapita Same na kufika Moshi kabla ya vita vya 1914. Wamisionari Waadventista walikuwa wametangulia, tangu 1903. Halafu Waingereza, na Same ikawa makao makuu ya Wilaya ya Pare nzima, Mwanga ya leo ikiwemo.

Sasa tufike kwenye kesi yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali na watemi walileta kodi mpya, wakaipa jina la ushuru wa kale wa jadi: mbiru. Zamani kila mwanamume alilipa kiasi kilekile. Mbiru ilitaka mtu apimwe utajiri wake, mwenye zaidi atoe zaidi. Kwenye karatasi inaonekana haki kabisa. Lakini nani anapima? Watu wachache wanakaa, wanakisia ng'ombe wako na kahawa yako, unaletewa jibu. Ukiwa na ugomvi na mmoja wao, basi tena.

Wapare hawakusema hawalipi kodi. Hapo ndipo utamu wa hadithi ulipo. Walisema: tutalipa, hata mkipandisha, ila hatutaki kukisiwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume wakashuka kutoka milimani mpaka Same, kwenye ofisi ya Bwana DC. Hawakuwa na mikuki. Walikaa. Hawakurudi siku hiyo wala ya pili. Viongozi wao wakahamishwa mbali, watu bado wanakataa.

Na wanawake? Mashamba yaliwabaki wao. Inasimuliwa kwamba wale wa Usangi waliwakabili wakubwa wa wilaya, wakawaambia: malizeni mambo ya kodi waume zetu warudi, au sivyo tupeni mimba sote nyinyi wenyewe! Wee! Kisha mamia yao wakaenda kwa miguu mpaka Same, safari ya kilomita kama arobaini kwa njia za milimani.

Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika kijitabu kuhusu mbiru, kikatoka 1971. Lakini hiyo ni historia. Riwaya yake nani ataandika? Sisi vijana tunaotaka kuwa waandishi tunahangaika kutunga wapelelezi wa London, huku hatujui wale wanaume walilala wapi pale Same, nani alileta makande, nani alimnong'oneza nani kwamba amechoka na anataka kurudi kwake.

Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imefutwa. Ikarudi kodi ya kiwango kimoja kwa wote, tena iliyopandishwa. Wapare wakailipa.