Fumbo la Sheshaki: mchezo wa watoto wa ecodim

Mu kitabu cha Yeremia, sura ya 25, mstari wa 26, kuko mfalme wa Sheshaki. Mutafute mji huo kwenye ramani, hamuupate. Njo Babeli, jina limefichwa. Sura ya 51, mstari wa 41, inaweka majina yote mawili pamoja. Alfabeti ya Kiebrania iko na herufi 22. Waliigeuza, ya kwanza ikachukua nafasi ya mwisho, ya pili ikachukua ya 21.

Kwa herufi 26 za masomo yetu, A inakuwa Z, B inakuwa Y. Basi, watoto: BVHF ni nani? (Yesu.)

Mchezo huu hauombi pesa. Kaa la moto lililozimika na kipande cha ubao vinatosha, hata kwa watoto waliokimbia Masisi ama Walikale-centre, kwenye vita ilifika mu 2025.

Lakini wamonitere, angalisho: muandike, mufute palepale. Mtoto asirudi nyumbani na karatasi ya herufi zisizosomeka. Kwenye bariere, mwenye bunduki anaweza kuisoma kama ujumbe wa maadui.