Kengele ya Freretown: Nani mlinzi wa turathi za Mombasa bara?

ANAYEWANIA kazi serikalini, iwe ni kupitia Tume ya Utumishi wa Umma jijini Nairobi au Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Mombasa, aghalabu huisoma Katiba kwa kukariri nambari za vifungu. Nambari hizo hazimfai sana anapokabiliwa na swali kama hili: mwenye ploti akitaka kujenga ghorofa ubavuni mwa jengo la kale pale Kengeleni, ni nani mwenye uwezo wa kumzuia?

Kengeleni, njia panda ya upande wa Kisauni baada ya kuvuka daraja la Nyali, ilipata jina lake kutokana na kengele ya Freretown, iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi wa biashara ya utumwa. Leo Freretown ni wadi katika eneobunge la Nyali, ambalo lilimegwa kutoka Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013.

Asili yake haielezeki bila kuitaja India. Sir Bartle Frere, ambaye jina lake lilipewa makazi hayo, alikuwa Gavana wa Bombay kati ya 1862 na 1867. Mnamo 1873 alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultan Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, na mkataba ukatiwa saini Juni 5 mwaka huo. Kabla ya hapo, watu wengi waliookolewa majahazini na manowari za Uingereza walikuwa wakipelekwa Bombay, na baadhi yao wakasomeshwa na wamishenari wa CMS huko Sharanpur, karibu na mji wa Nashik. Ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Miongoni mwao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliorejea pwani hii mnamo 1864 na kupewa ushemasi na Askofu James Hannington mnamo 1885. William Salter Price, aliyekuwa amekiongoza kituo cha Nashik, aliwasili Mombasa Novemba 1874 na mwaka uliofuata makazi ya Freretown yakaanza.

Hayakuwa makazi ya amani. Watumwa waliowatoroka mabwana zao walikimbilia misheni za Freretown na Rabai, nao mabwana wakawadai kwa vitisho. Mgogoro huo ulitulizwa kwa fedha: mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa wamiliki fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapata hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi 1907. Masimulizi ya watu hao yalihifadhiwa na mzawa wao, James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa 1934.

Sasa turejee kwenye swali. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, lakini mgawanyo wa madaraka umo katika Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza inaikabidhi serikali ya kitaifa majengo na maeneo ya kale “yenye umuhimu wa kitaifa”. Sehemu ya pili inazipa kaunti makavazi, shughuli za kitamaduni, pamoja na mipango ya ujenzi na matumizi ya ardhi. Uzito wote umo katika maneno hayo manne, kwa kuwa jengo lisilotambuliwa kuwa na umuhimu wa kitaifa linabaki mikononi mwa afisa wa mipango wa kaunti, ambaye mezani pake lipo pamoja na maombi ya vibanda na maghala.

Utambuzi wenyewe hufanywa kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Waziri husika, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, hutangaza mahali au jengo kuwa mnara wa kumbukumbu katika Gazeti Rasmi la Serikali. Vitu vinavyohamishika, mbali na vitabu na hati, sheria hiyo huvihesabu kuwa vya kale ikiwa viliundwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kwa hiyo kengele na kanisa lililo jirani nayo huenda vikaangukia vifungu tofauti vya sheria ile ile. Nayo masimulizi ya wazee ni suala la tatu: sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa kaunti jukumu la kuyasajili.

India, ambako watahiniwa wa kazi za serikali huulizwa mambo haya kwa kina, ina mgawanyo unaofanana na huu. Majengo yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, yaliyosalia ni ya majimbo. Tofauti ni kwamba marekebisho ya sheria yao mwaka 2010 yaliweka kipimo: mita 100 kutoka kwenye jengo lililolindwa ni marufuku kujenga, na mita 200 zaidi ujenzi hudhibitiwa. Kipimo cha aina hiyo kingemwondolea afisa wa Mombasa mabishano mengi.

Julai 2024, mkutano wa Kamati ya Turathi za Dunia ya UNESCO uliofanyika New Delhi uliuingiza mji wa kale wa Gedi katika orodha yake. Hivyo Kenya ikawa na maeneo manane, matano kati yake yakiwa ya kitamaduni; na katika hayo matano, manne yako pwani: Lamu (2001), misitu ya kaya za Wamijikenda (2008), Fort Jesus (2011) na Gedi. Hakuna hata moja lililo Mombasa bara. Si kwamba bara haina historia. Changamwe ni mojawapo ya Thalatha Taifa, Jomvu ni mmojawapo wa Tisa Taifa, na reli ya Uganda ilipita huko tangu miaka ya 1890. Kinachokosekana ni makaratasi.

Kwa mwenye kuomba ghorofa pale Kengeleni, basi, jibu lina hatua zake. Sheria ya mipango ya 2019 inamlazimu kupata idhini ya kaunti kabla ya kuanza kuchimba msingi. Afisa anayelipokea ombi hutazama kwanza Gazeti Rasmi. Jengo la jirani likiwa limetangazwa, faili hupelekwa kwa Makavazi. Likiwa halijatangazwa, bado kifungu cha 6 cha Katiba kinazitaka serikali hizo mbili zishauriane, na barua ya afisa kwa ofisi ya Fort Jesus inatosha kuanzisha mashauriano hayo kabla muhuri haujapigwa.