Nyimbo Zilizotujia Tunduma

Leo twataka kuzungumza juu ya sanduku letu la nyimbo. Ndani yake mna santuri za zamani, nyingine zimekwisha kwaruzika, na kaseti nyingi zilizoandikwa majina kwa mkono. Mna nyimbo za Kiswahili, za Kibemba na za Kilingala. Mgeni aweza kudhani kwamba mwenye sanduku hili ni msafiri mkubwa. Sivyo. Hatukuzifuata nyimbo hizo. Zenyewe ndizo zilizotujia, kwa kuwa tulikaa penye njia.

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na mwaka 1898 wapimaji wao wakaja kuutazama na kuuwekea alama. Wanyamwanga wakajikuta huku na huku. Lakini arusi ya upande mmoja iliendelea kuimbiwa na shangazi wa upande wa pili. Basi twasema kwamba wimbo ni shahidi wa historia: hukumbuka udugu ambao ramani haikuuandika.

Vita nayo ilileta nyimbo. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 nchi hii ilikuwa njia ya majeshi na ya wapagazi. Boma la Fife, lililokuwa karibu na Nakonde, lilishambuliwa na jeshi la Wajerumani mwanzo wa mwezi wa Novemba 1918; na tarehe 25 ya mwezi huo huo jeshi hilo likaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Wakati huo ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, ilikuwa imekwisha ingia bara pamoja na askari. Vita ilipokwisha, watu wakatawanyika nayo, hata ikafika katika miji ya migodi ya shaba. Mwaka 1935, wafanya kazi wa migodi hiyo walipogoma, tume ya serikali ilichunguza hata vyama vya wacheza beni. Fikirini jambo hilo! Serikali yenye bunduki ilikaa kitako kuuliza habari za wacheza ngoma, maana ilifahamu kwamba watu waliozoea kuimba pamoja waweza pia kupatana pamoja.

Kisha ikaja redio. Kituo cha Lusaka kilianza mwaka 1941, ili kuwapa watu habari za vita ya pili. Mwaka 1949 ikatolewa redio ndogo ya betri, yenye umbo la mviringo mfano wa sufuria, kwa bei ya paundi 5. Dar es Salaam nayo ikaanza kutangaza mwaka 1951. Katika kituo cha Lusaka alisikika Alick Nkhata, mzaliwa wa Kasama, ambaye alikwenda vitani Burma, akarudi akawa mtangazaji na mwimbaji wa gitaa. Alifariki mwaka 1978, na santuri yake moja ingali katika sanduku letu.

Karibu nayo imelala santuri ya Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimkuta kijana huyo katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, akaichukua sauti yake kwa mashine. Hivyo twaweza kumsikia hata leo. Lakini tazameni vema: sauti yake ilihifadhiwa kwa sababu mashine ilipita mahali alipokuwa. Wapigaji hodari wangapi hawakupitiwa na mashine yo yote?

Hapa inatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Bibi yetu, aliyekuwa Mnyiha wa Mbozi, alikuwa akisaga ulezi juu ya jiwe, na alipokuwa akisaga alikuwa akiimba. Siku moja, tulipokuwa vijana, tuliweka chombo cha kunasa sauti mbele ya redio, tupate kuuchukua wimbo wa bendi tulioupenda sana. Bibi akaanza kuimba. Tukamwambia, "Bibi, tafadhali, nyamaza kidogo." Akanyamaza.

Kaseti hiyo tunayo. Ukisikiliza kwa makini utasikia, nyuma ya magitaa, jiwe likisaga ulezi. Sauti ya bibi haimo, maana alitutii. Alifariki miaka mingi iliyopita, nasi tumebakiwa na maneno matatu ya wimbo wake na nusu ya mahadhi. Wimbo wa bendi twaweza kuununua tena; wa bibi hauuzwi mahali po pote.

Basi, enyi wanafunzi na ndugu zetu wa vijijini, msingoje mgeni aje na mashine. Simu nyingi za mkononi za siku hizi hunasa sauti. Asiye nayo achukue daftari na kalamu. Andikeni maneno kama yalivyo, katika lugha yake: Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali. Andikeni jina la mwimbaji, kijiji chake, mwaka, na kazi iliyoimbiwa wimbo huo, kama ni kusaga, kulima, kulea mtoto au kuzika. Na mzee akianza kuimba, zimeni redio kwanza, mkamsikilize.