Kwa nini kampaundi za lithiamu hushika moto hewani

DESEMBA 29, 2008, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 aliungua vibaya katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nchini Marekani, baada ya bomba la sindano alilokuwa akivutia kemikali kufunguka na kemikali hiyo kuwaka. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki dunia siku 18 baadaye.

Kemikali hiyo ni tert-butilithiamu, mojawapo ya kampaundi ambazo ndani yake lithiamu hushikamana moja kwa moja na kaboni. Mkemia Mjerumani, Wilhelm Schlenk, alitangaza za kwanza mwaka 1917. Leo hii viwanda hutumia kampaundi za jamii hiyo kuanzisha utengenezaji wa mpira wa matairi.

Chanzo cha hatari ni namna atomi zinavyoshikana. Lithiamu ina elektroni moja tu ya nje, nayo huvutwa upande wa kaboni. Kaboni hubaki na chaji hasi, tayari kunyakua hidrojeni kutoka kwenye maji au kuungana na oksijeni ya hewa.

Kwa kuwa elektroni hazitoshi kuipatia kila jozi ya atomi kifungo chake, molekuli hujikusanya. Katika tert-butilithiamu, atomi 4 za lithiamu hujipanga kama piramidi yenye nyuso 4 za pembetatu, na juu ya kila uso hukaa kaboni moja iliyoshikwa na lithiamu 3 kwa pamoja.

Hali hubadilika nafasi ya kaboni inapochukuliwa na ndugu zake wazito: silikoni, jemaniamu, bati na risasi. Atomi hizo ni kubwa, hivyo kifungo chake na lithiamu ni kirefu na dhaifu zaidi. Aidha, katika bati na risasi, jozi ya elektroni hujikita karibu na kiini, na matawi mengine matatu hubanana. Pembe kati ya matawi hayo, ambayo kwa kaboni kwa kawaida ni digrii 109.5, hushuka hadi karibu 95.

Kwa sababu hiyo, kampaundi za lithiamu na bati hazina pupa ya kunyakua hidrojeni kama zile za kaboni. Hata hivyo, nazo huharibiwa na hewa na unyevu, hivyo hushughulikiwa ndani ya gesi ya agoni au naitrojeni kavu.

Moto wa tert-butilithiamu hauzimwi kwa maji, kwani maji huuchochea. Huzimwa kwa unga mkavu maalumu au mchanga mkavu.