Nje ya Masomo Unafanyaka Nini? Historia ya Swali Moja



Siku hizi vijana wetu wenye diploma ya Serikali wanaulizia sana vyuo vikuu vya Marekani. Wanafungua fomu kwenye simu, wanajaza jina, shule, alama. Mpaka hapo hakuna shida. Halafu wanakuta swali linalowashangaza: nje ya masomo unafanyaka nini? Mchezo gani, muziki gani, umejitolea wapi, umeongoza kikundi gani? Kwetu hakuna mtu anayeuliza hivyo. Egzeta inatoka, asilimia inajulikana, basi. Mwenye 72 ana 72, hata kama hajagusa mpira maisha yake yote.

Juu ya swali hilo, wazazi na vijana wanakuja kwa komite kuomba atestasio. Andikeni kwamba mtoto huyu alikuwa presidenti wa klabu. Andikeni kwamba alifundisha yatima miaka 2. Kwa wengine ni kweli. Kwa wengine si kweli, na wenyewe wanajua kwamba tunajua. Kabla hatujaamua kashe ya chama itapigwa wapi, ni vizuri tujue swali lenyewe lilitoka wapi. Historia yake si safi, lakini ina fundisho kwetu.

Wakati mtihani ulikuwa mlango

Miaka 120 iliyopita, chuo kama Harvard kilikuwa kinafanya karibu kama sisi. Kijana anafanya mtihani, akishinda anaingia. Mtihani ulikuwa wa watu wenye nafasi, maana ulidai Kilatini na masomo mengine ambayo shule za maskini hazikufundisha. Kwa hiyo watoto wa matajiri njo walioingia kwa wingi, na hakuna aliyelalamika.

Kisha wakaja wahamiaji. Wayahudi wengi walikimbia mateso na umaskini huko Ulaya ya Mashariki, wakafika New York na Boston bila kitu mkononi. Sisi tuliokimbia tunajua maisha hayo. Watoto wao wakasoma katika shule za Serikali, wakasoma usiku, wakashinda mtihani. Mwaka 1900 walikuwa kama 7 kwa kila wanafunzi 100 wa Harvard. Mwaka 1922 walikuwa zaidi ya 20.

Hapo wakubwa wakashtuka. Rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, alitaka mwaka ule wa 1922 Wayahudi wawekewe kipimo wasichopita. Kukatokea kelele kubwa, na walimu wa chuo wakakataa kipimo cha wazi. Lakini tayari fomu ilikuwa imebadilika. Ikauliza baba yako alizaliwa wapi, mama yako aliitwa nani kabla ya kuolewa, na kama jina la familia lilibadilishwa. Waliorudi hapa wakiwa na jina moja kwenye karatasi ya kambi na jina lingine kwenye karatasi ya Congo wanaelewa swali kama hilo linavyoweza kumtisha mtu.

Mwaka 1926 Harvard ikapata njia ya kimya. Ikaamua kwamba wa mwaka wa kwanza hawatapita 1,000, na kwamba alama peke yake hazitoshi tena. Sasa wataangalia tabia ya kijana, uongozi wake, michezo yake, na hata sura yake, maana picha ikawa lazima. Yale na Princeton nazo zilikuwa zinatembea njia hiyohiyo. Alama zinahesabika, kila mtu anaziona. Tabia haihesabiki, inaonwa na yule anayechagua tu. Matokeo yakaonekana haraka. Wayahudi waliokuwa wamefika robo ya wanafunzi wapya wa Harvard wakashuka katika miaka iliyofuata mpaka kama 15 kwa 100. Hakuna sheria iliyoandikwa kuwazuia. Swali la tabia lilifanya kazi yote.

Mbegu ya wazo hilo ilikuwa imekwisha kupandwa Uingereza. Cecil Rhodes, yule tajiri wa almasi ambaye jirani zetu wa Zambia walibebeshwa jina lake, nchi ikaitwa Rhodesia ya Kaskazini, alikufa mwaka 1902. Aliacha pesa za kuwasomesha vijana Oxford. Akaagiza wasichaguliwe kwa vitabu tu, bali pia kwa michezo, ushujaa na kipaji cha uongozi. Maneno mazuri. Lakini wanawake walifungiwa nje ya zawadi hiyo mpaka miaka ya 1970.

Na sisi tulipimwa tabia

Tusifikiri hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Wazee wetu walipimwa vilevile. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya stahili ya raia, na mwaka 1952 wakaongeza cheo kilichoitwa imatrikulasio, kwa wale waliowaita evolue. Kusoma na kufanya kazi ya biro hakukutosha. Watu wa komisio walikuja mpaka nyumbani kuangalia: mnakulaka kwa uma? Nyumba ni safi? Bibi na watoto wanaishi namna gani? Mtu mzima, baba wa familia, anakaguliwa sahani zake. Katika mamilioni ya Wakongomani, waliopewa cheo hicho walikuwa wachache mno.

Chuo kikuu chenyewe kilichelewa. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, kile cha Élisabethville mwaka 1956. Thomas Kanza, Mkongomani wa kwanza asiye padri kumaliza chuo kikuu Ubelgiji, alipata diploma yake Louvain mwaka huohuo wa 1956. Miaka 4 baadaye nchi ikawa huru. Baada ya uhuru tukapata egzeta, mtihani mmoja kwa nchi nzima. Ina matatizo yake, kila mwalimu anayajua. Lakini haimwulizi mtoto nyumbani kwao kuna uma ngapi.

Swali linageuzwa

Kumbe swali moja linaweza kufunga mlango na kuufungua, inategemea ni nani ameshika ufunguo. Miaka ya 1960, Waamerika weusi walipodai haki zao, vyuo vile vilianza kulitumia swali hilo kutafuta watu waliokuwa wameachwa nje. Yale na Princeton zikapokea wanawake mwaka 1969. Mtoto wa maskini mwenye alama za kati, lakini aliyefanya kazi usiku kusaidia mama yake, akaanza kuonekana. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1978 kwamba rangi ya mtu iwe jambo moja kati ya mengi ya kuangalia. Mwaka 2023 ikakataza. Hata hivyo ilisema mwombaji anaweza bado kusimulia maisha yake, na yale aliyoyapita, na chuo kikamsoma.

Matajiri nao hawakulala. Walijifunza kununua majibu: mwalimu wa fidla, safari ya kujitolea Afrika kwa wiki 2, mshauri wa kupanga kila kitu. Mwaka 2019 ikafumuka kashfa kubwa. Zaidi ya watu 50 walishtakiwa. Wazazi walilipa hongo kwa makocha ili watoto wao waandikwe wachezaji wa michezo wasiyoicheza, na picha za uongo zikatengenezwa. Waigizaji wa filamu wanaojulikana dunia nzima walifungwa gerezani. Kwa hiyo yule anayesoma dosie ya mtoto wetu leo anajua uongo unanukaje. Ameshaununusa kwa watu wenye pesa kutushinda.

Watoto wetu wana cha kuandika

Hapa njo penye faida yetu. Ile fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani ilianza mwaka 1975 na vyuo 15. Leo vimepita 1,000. Inampa mwombaji nafasi ya mambo 10, kila moja kwa herufi 150 tu, na inauliza saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Katika orodha ya aina za shughuli, pamoja na michezo na muziki, kuna kazi ya kulipwa na kuna majukumu ya nyumbani. Mwaka 2016 kundi la Harvard linaloshughulikia malezi lilitoa ripoti likiomba vyuo viheshimu kazi hizo, kama kulea wadogo, sawa na klabu za shuleni.

Vijana wetu wengi hawajui hilo. Wanaona aibu kuandika ukweli, wanatafuta klabu ya kubuni. Lakini tazama: "Tangu baba afe nalea wadogo 3. Nachota maji alfajiri, napika, nauza mandazi sokoni. Faida inalipa minervali yetu." Hizo ni chini ya herufi 150, na mshauri wa pesa nyingi hawezi kuzitengeneza. Yupo binti aliyemtafsiria nesi wa kambi Kibembe. Yupo aliyeongoza kwaya ya watoto Nyarugusu, yupo anayewasomea wazee karatasi za mashamba hapa kijijini. Wote hao wamefanya kitu.

Tusidanganyane pia. Harvard inapokea chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havimpimi mgeni kwa pesa ya mfuko wake, na vingi vinamsamehe asiyeweza kulipa ada ya kuomba. Basi mzazi asiuze shamba kwa sababu mtu wa kati amemwahidi nafasi. Nafasi haiuzwi, na inayouzwa ni ya uongo.

Pendekezo kwa mkutano mkuu ni hili. Kila kikundi chetu, kwaya, mpira, shamba la pamoja, zamu ya wagonjwa, kiwe na daftari: nani alikuja, tarehe gani, alifanya nini, saa ngapi. Atestasio itoke katika daftari, siyo katika urafiki. Wafadhili wanaouliza wasaidie namna gani, watusaidie daftari, intaneti ya siku za kuomba, na mtu wa kufundisha vijana Kiingereza cha kuandika.

Kashe yetu ikisema kweli kwa mtoto wa kwanza, wa kumi ataaminiwa. Ikidanganya kwa mmoja, tutakuwa tumewafungia wote mlango ambao wengine walitumia miaka mingi kuufungua.