Jiwe la Wazo na Maji ya Tegeta

Ukitaka historia ya maji ya bomba hapa Tegeta, Dar es Salaam, usianzie kwenye bomba. Anzia kilima cha Wazo. Kiwanda cha saruji kilipoanza kazi pale mwaka 1966, kilifuata mawe ya chokaa, ambayo ni matumbawe ya bahari ya kale yaliyobaki nchi kavu. Jiwe hilohilo ndilo linaloamua ladha ya visima vyetu. Mvua inapopenya udongoni huchukua hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo, na ukali huo hulimumunya jiwe polepole. Maji yakifika kisimani yamekwisha kubeba kalsiamu na magnesi. Wataalamu huyaita maji magumu. Majirani zangu huyaita maji ya chumvi, na habari inaisha hapo.

Mimi ni fundi bomba, kwa hiyo ugumu huo naukuta kwenye vyuma. Nikifungua hita ya bafuni kwa mteja anayetumia kisima, waya wa kuchemshia umevaa ukoko mweupe mgumu kama ganda la konokono. Shawa inatoa maji kwa vitundu viwili vitatu, vingine vimeziba. Jagi la umeme lina magamba chini. Akina mama waliyajua haya kabla ya hita kuingia majumbani. Maharage ya maji ya kisima yalikesha jikoni bila kuiva, chai iliweka utando juu, na sabuni ya mche iliganda kwenye nguo bila kutoa povu. Ndiyo maana kila nyumba yenye bati ilikuwa na pipa la kukingia mvua: maji ya kufulia nguo nyeupe na kupikia maharage yalitoka mbinguni. Ilipoenea sabuni ya unga, ambayo hutoa povu hata kwenye maji magumu, watu wakasahau shida ya maji na kukumbuka ukoko tu.

Hata hivyo, chumvi ya Wazo si chumvi ya Ununio. Ile ya jiwe, sehemu yake hushuka ukichemsha maji, ndiyo unayoiona kwenye jagi. Lakini ukisogea pwani, Ununio na Kunduchi, kisima kikivutwa sana kwa pampu maji baridi hupungua na bahari huingia chini kwa chini. Chumvi hiyo haichemki ikaisha. Nimewahi kuombwa nifunge chujio la kuiondoa, nikamwambia mwenye nyumba apunguze kwanza kupampu.

Maji laini yapo, ya mto Ruvu, na kwa miaka mingi yalitupita mlangoni. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulianza mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulifuata mwaka 1976, na bomba lake kuu likaja kwa njia ya Bunju, Boko na Tegeta hadi kwenye matangi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili maji yashuke mjini. Wakati huo huku kulikuwa mashamba, mikorosho na machimbo. Waliopanga bomba walikuwa wakiifikiria Dar es Salaam ya katikati. Mji ukatufuata baadaye, na watu wakajenga kwanza, mabomba ya mitaani yakaja nyuma. Ukame wa mwaka 1997 uliposhusha Ruvu, visima vikachimbwa jijini kwa dharura. Mwaka huohuo ikaundwa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Mwaka 2003 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi, City Water, na mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba. Shirika la umma, DAWASCO, likashika kazi hadi 2018, lilipounganishwa na DAWASA. Majina yalibadilika ofisini. Mtaani kilichobadilika ni orodha ya vifaa: simtanki, pampu, boza, dumu.

Hapo ndipo ikazaliwa nyumba ya Tegeta ninayoijua: mita mbele, kisima nyuma, na mabomba yote mawili yanamwaga kwenye tangi moja. Nimeyaunganisha mwenyewe, kwa kuwa ndivyo wateja walivyotaka. Na kwenye tangi hilo kuna imani moja ambayo imedumu kuliko kampuni zote: maji ya kisima ni safi kwa kuwa ni meupe, ya bomba ni machafu kwa kuwa masika huja na rangi na harufu ya dawa.

Imani hiyo imekosea. Maji ya Ruvu hutoka mtoni yakiwa tope, lakini mtamboni hutiwa dawa ya kuangusha tope, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini. Ile harufu unayoilalamikia ndiyo kinga yako. Maji ya kisima hayana mlinzi huyo. Watu husema ardhi imeyachuja. Mchanga huchuja kweli, lakini jiwe la chokaa lina nyufa na mapango madogo, na maji hupita humo haraka bila kuchujwa. Njia hiyohiyo huyapitisha maji ya shimo la choo cha jirani. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, hakikubagua maji meupe na maji ya udongo. Ulimi hutambua chokaa na sabuni hutambua chokaa. Vimelea havina ladha.

Mwaka 2017 upanuzi wa Ruvu Chini ulizinduliwa, mtambo ukatoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na bomba jipya likapita kwetu. Nyumba nyingi zikaunganishwa, na baadhi ya wateja wakaniita nikafukie visima. Niliwashauri wasubiri. Oktoba 2022 Ruvu ikapungua tena kwa ukame, mgao ukaanza, na kila aliyekuwa na kisima akawa na foleni ya majirani wenye madumu.

Kwa hiyo hukumu yangu kama fundi ni hii. Ugumu wa maji huua hita, hauui mtu; Shirika la Afya Duniani halikuuwekea kikomo cha kiafya. Usitumie fedha zako za kwanza kwenye mashine ya kulainisha maji. Tenganisha matangi: la mto kwa kunywa na kupikia, la kisima kwa choo, usafi na bustani. Jenga mdomo wa kisima kwa saruji, ukifunike, na usichimbe karibu na shimo la choo, la kwako au la jirani. Peleka sampuli maabara ya maji wapime vimelea, na urudie baada ya kila masika. Mpaka majibu yatoke, ukilazimika kunywa maji ya kisima yachemshe, hata kama yanang'aa.