Mchungaji kwenye bodi ya General Motors

Mei 1971 wanahisa wa General Motors walikusanyika Detroit kwa mkutano wao mkuu. Kanisa la Episkopali, lililokuwa na hisa zake humo, lilikuwa limewasilisha azimio kwamba kampuni ifunge kiwanda chake cha Port Elizabeth na iondoke Afrika Kusini ya makaburu. Uongozi ulishalikataa. Ndipo akainuka mjumbe mmoja wa bodi hiyohiyo, pande la mtu, mchungaji wa Kibaptisti, akaliunga mkono azimio hadharani huku mwenyekiti wake akisikiliza. Halikuwa jambo la kawaida kwa mjumbe wa bodi ya General Motors kuupinga uongozi mbele ya wanahisa. Kura zikahesabiwa. Azimio halikufikisha hata asilimia 2.

Jina lake Leon Sullivan, na huenda wasomaji wa Tanzania wanalikumbuka: mkutano uliopewa jina hilo ulifanyika Arusha mwaka 2008, Rais Kikwete akiwa mwenyeji. Siku ile ya Detroit alikuwa na miezi michache tu ndani ya bodi, na alikuwa Mweusi wa kwanza kuketi humo.

Nguvu yake hakuipata kwenye bodi. Alikuja nayo kutoka Philadelphia, alikokuwa mchungaji wa kanisa la Zion. Kuanzia mwaka 1960 yeye na wachungaji wenzake wapatao 400 walibuni mbinu isiyohitaji ofisi wala bajeti. Kamati ndogo ilikwenda kwa kampuni, mathalani ya kuoka keki, ikauliza ina madereva wangapi Weusi na makarani wangapi. Jibu lisiporidhisha, Jumapili mimbari zote zilitoa tangazo moja: bidhaa ya fulani msinunue. Hakukuwa na maandamano wala mabango. Mauzo yalianguka, wakubwa wakapiga simu, ajira zikatoka. Martin Luther King alimwita awaeleze wenzake jinsi jambo hilo linavyofanyika.

General Motors ilimtaka mtu huyo kwa sababu zake. Mwaka 1970 wanasheria vijana waliomzunguka Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji, walidai bodi ipanuliwe ili umma uwakilishwe. Walishindwa kwa kura, lakini mwenyekiti James Roche alisoma alama za nyakati. Bodi za kampuni kubwa za Marekani wakati huo zilikuwa za wanaume Weupe waliojuana tangu zamani. Huyu mkuu wa kiwanda amekaa kwenye bodi ya benki, mkuu wa benki amekaa kwenye bodi ya reli, na jioni wanakutana klabu moja. Kwa watu hao mwenzako akipinga jambo mkutanoni, aliyeaibishwa ni wewe uliyemleta. Ndiyo maana hotuba ya Detroit ilisikilizwa kwa adabu, kisha ikapita.

Sullivan naye akajifunza. Mwaka 1975 alizuru Afrika Kusini, na baadaye alisimulia jinsi alivyovuliwa nguo na kupekuliwa kwenye uwanja wa ndege wa Johannesburg. Aliporudi hakuanza na mkutano mkuu, alianza na marafiki wapya. Kiti cha General Motors kilimpa kitu ambacho mimbari haikuwahi kumpa: mkuu wa IBM au Mobil alipokea simu yake. Machi 1977 kampuni 12, zikiwemo Ford, IBM, Citicorp, Union Carbide na General Motors yenyewe, zilitia saini kanuni zake 6: vyoo na kantini visibaguliwe, mshahara uwe sawa kwa kazi sawa, Weusi wafundishwe na wapandishwe vyeo, maisha yao nje ya kiwanda yaangaliwe. Miaka michache baadaye waliosaini walipita 100. Kampuni ya ushauri ya Arthur D. Little ikawa inawapa alama kila mwaka, na vyuo vikuu na mifuko ya pensheni ikazitumia kuamua hisa gani zishikwe na zipi ziuzwe.

Hapa ndipo ninapomlaumu kidogo. Mtandao ulioeneza kanuni haraka namna hiyo ndio pia uliozilainisha. Kantini moja kwa wote haikumgharimu mwenye kampuni chochote cha maana. Matamko ya mwanzo hayakuwabana waajiri watambue vyama vya wafanyakazi Weusi, wala hayakugusa sheria za makaburu, kwa hiyo Pretoria haikuwa na sababu ya kuhangaika. Sharti la kupigania kufutwa kwa sheria hizo lilikuja mwaka 1984. Mwaka uliofuata Sullivan alitoa miaka 2: ubaguzi usipokwisha, kampuni zote ziondoke. Juni 1987 alitimiza neno lake, akazitaka zifungashe.

General Motors haikumsubiri. Oktoba 1986 mwenyekiti Roger Smith alitangaza kuuza tawi la Port Elizabeth, akitaja mambo mawili kwa pamoja: mageuzi yanasuasua, na biashara huko inaleta hasara. Kesho yake IBM nayo ikatangaza kuondoka. Nadhani hasara ilimshawishi Smith kuliko mahubiri yoyote. Lakini miaka 15 ya kubishana na mtu uliyemkaribisha mwenyewe ilikuwa imeshaufanya uamuzi huo usiwe wa aibu kwa wenzake.

Wanunuzi walikuwa mameneja wa palepale. Wafanyakazi walipata habari kama kila mtu, wakagoma. Walidai kiinua mgongo na michango yao ya pensheni, na wakadai pia wawe na wawakilishi wao kwenye bodi ya kampuni mpya. Walikataliwa, mamia wakafukuzwa kazi, na mwaka 1987 kiwanda kikaendelea kuunganisha magari kwa jina la Delta.